Mwaka Tuliokataa Kununua Sukuma

Nimestaafu. Naandika neno hilo huku nikicheka peke yangu, kwa maana sijawahi kusikia mtu wa jembe akistaafu. Sisi huwa tunaacha tu kuonekana. Lakini Mama Muthoni alinifanyia chai, keki na hotuba, majirani wakapiga makofi, basi nimestaafu kama afisa yeyote wa serikali. Ninyi vijana mnaolima bustani za nyuma ya nyumba huku Milimani mmeniomba niwaeleze nilivyofanya kazi. Mmeniomba kwa sauti za simu, kila mmoja akirekodi maneno yake huku kuku wa tajiri wake wakimpigia kelele. Mimi nitaandika, kwa sababu nikirekodi nitacheka na hamtasikia kitu.

Kuhusu vyeo nitamaliza sasa hivi. Nilianza na jembe, nikamaliza na jembe. Mshahara mnaujua, maana ni huo huo wenu.

Siku ya kwanza nilitembea kutoka Kaptembwo, panga langu nimelifunga kwa gazeti ili polisi wasinisimamishe kuniuliza naenda kumchinja nani. Mama Muthoni alikuwa ametoka tu kustaafu kazi ya opereta wa simu, zile enzi za kuunganisha watu kwa nyaya, na bado alikuwa na tabia ya kutaka kujua nani anamtafuta nani. Aliniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia babu yangu aliletwa Nakuru na kazi ya reli kutoka magharibi, na kwamba sisi wote tumezaliwa mjini lakini tumbo limebaki kule. Akanipeleka nyuma ya jikoni, kwenye kipande cha shamba kilichozungushiwa ua wa kayaba, akaniambia, "Toa takataka, bakisha mboga." Kisha akaingia ndani kunywa chai.

Kando ya tangi la maji nikakuta thabai, ule mmea wenye vinyweleo vinavyowasha ngozi mpaka unasahau jina lako. Nikajisemea huyu mama wa watu ataumia. Nikaung'oa wote na mizizi, mikono ikavimba, na nikaona nimemfanyia jambo kubwa. Katikati ya vitunguu nikakuta mrenda umejiotea, mororo kabisa. Huo nikaupalilia vizuri, nikauinulia udongo, nikaunyunyizia maji.

Mama akatoka. "Barasa, thabai yangu iko wapi?"

"Nimeitupa yote, Mama. Haitakusumbua tena."

"Hiyo nakulanga na mukimo wa viazi." Akageuka, akauona mrenda. "Na hii nyasi umeipamba hivi ni ya nini?"

"Si nyasi, Mama. Ni mboga."

"Mboga ya nani?"

"Ya watu," nikamjibu.

Alicheka mpaka akakalia karai lililogeuzwa. Jioni hiyo niliokota mizizi ya thabai kwenye lundo la taka, nikairudisha udongoni, na yeye akapika mrenda wangu kwa kujaribu. Alisema ni mboga ya kwanza aliyoiona ikimkimbia mlaji kwa utelezi. Kwa hivyo somo la kwanza ndilo hilo: kabla hujang'oa chochote kwa shamba la mtu, muulize anakula nini. Takataka ya nyumba hii ni sherehe ya nyumba ile.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Mzee Kosgei, aliyelima nyumba ya pili. Mwaka mzima nilimjua kwa kofia na sauti tu, maana ua ulikuwa mrefu na yeye mfupi. Kila asubuhi sauti ilikuja kutoka kwa kayaba: "Wewe, unamwagilia majani? Majani hayana mdomo." Nikahamia kwenye shina. Udongo wa huku mnaujua, mwepesi, umejaa vijiwe vya volkano vinavyoelea majini. Unamwaga ndoo nzima na baada ya muda mfupi hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba ulimwaga. Mzee Kosgei alinionyesha kuchimba mtaro, kuujaza mabua, maganda ya ndizi na mbolea ya ng'ombe iliyolala vya kutosha, kisha kupanda juu yake. Alinionyesha kuzungushia miche jivu ili funza wanaokata shina walale njaa. Na alinikataza kung'oa sukuma wiki ikizeeka. "Vunja vichipukizi vya ubavuni, upande," alisema. "Sukuma moja ni ukoo." Hilo la vichipukizi lishikeni, tutalirudia.

Alinifundisha pia kusoma mwaka. Januari na Februari ni vumbi. Kinapita kimbunga cha vumbi, unaingia ndani yake ukiwa mweusi na kutoka ukiwa wa kijivu. Mvua ndefu inaanza Machi ikijisikia au Aprili ikichelewa, na inakuja na mawe ya barafu yanayotoboa majani ya spinachi mpaka unaweza kuchujia chai. Julai ni baridi ya mawingu. Mboga hazifi, hazikui, zimekaa tu kama watu kwenye foleni. Oktoba inakuja mvua fupi, ndiyo nafasi ya mwisho ya kujaza shamba kabla ya kiangazi.

Halafu kuna tumbili wa kreta ya Menengai, ambao hawana msimu. Walikuwa wanang'oa karoti, wanaonja, wanatupa, wanang'oa nyingine, kana kwamba inayofuata itakuwa na ladha ya nyama. Nilijaribu sanamu yenye koti, wakalivaa. Nilijaribu mkebe wenye mawe, wakaupenda. Mwishowe nikahamisha thabai kiasi kutoka kwa tangi nikaipanda kuzunguka karoti, na siku hiyo nikamwona mkubwa wao akipanda ua kwa mkono mmoja huku akijinyonya vidole vya ule mwingine. Nilifurahi siku nzima, na Mama akaniongezea kikombe cha chai.

Hivyo tuliishi miaka mingi, mimi na Mama na shamba. Mumewe alipofariki, watoto waliogopa kwamba atajilaza asiamke tena. Ni sukuma zilizomtoa kitandani, kwa sababu alisikia mpira wa maji ukifunguliwa na hakuamini kwamba naweza kufanya kazi bila kusimamiwa. Nawaambia jambo hili wazi ili muelewe linalofuata: shamba lile halikuwa mapambo ya nyumba, lilikuwa sababu yake ya kuvaa viatu asubuhi.

Sasa njoo kwa Gachanja, mwanawe wa mwisho. Gachanja anauza magari yaliyotumika ya kutoka Japani, na ni mtu mzuri, tatizo lake ni kwamba kila mahali pakavu anaona pa kuegesha gari. Jumapili moja, mawingu ya mvua ndefu yakiwa yameshakaa juu ya kreta, alikuja na nyama nyingi kutoka Kikopey. Mtu akikuletea nyama ya kiasi kile ana jambo. Alikuja na mkewe, Chebet, msichana wa Njoro, mpole, mwenye kucheka kwa macho.

"Mami," alisema Gachanja akipangusa mikono, "hapa nyuma tukimwaga kabro, yale matofali ya kuegeshea, yanaingia magari mengi tu. Wewe upumzike. Mboga si ziko sokoni?"

Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni na mfupa wangu. Mfupa uliacha kuwa mtamu.

Mama hakukasirika. Alitabasamu, na hapo ningekuwa Gachanja ningeondoka. "Unafikiri shamba hili halinilishi?"

"Linakulisha mvua ikinyesha. Kiangazi utanunua kama watu wengine."

"Basi tuwekeane," Mama akasema. "Kutoka mvua ndefu hii mpaka mvua ndefu ijayo, sinunui mboga. Nikinunua hata fungu moja la sukuma, lete kabro yako."

"Na usiponunua?"

"Unanijengea tangi kubwa la maji, na hilo neno kabro silisikii tena hapa."

Gachanja aliona tangi liko mbali na kabro iko karibu, akakubali haraka. Chebet akainua kikombe. "Nimesikia. Mimi ni shahidi," alisema. Viazi na unga havikuhesabiwa. Tulikuwa wakulima, si wachawi.

Mvua ilianza wiki hiyo hiyo na mimi nilirukwa na akili kwa furaha. Nilipanda sukuma, spinachi, terere, managu, kunde, malenge, na pembeni mrenda wangu. Mawe ya barafu yalikuja mara moja, tukakimbia nje Mama na mimi tukifunika kitalu kwa mashuka, yeye na la kitandani kwake, tukasimama tumeshika pembe nne kwa mikono miwili miwili huku barafu ikitupiga vichwani, tukicheka kama watu waliolewa. Kufikia mwezi wa sita shamba lilikuwa limefurika. Ulikuwa ukipita, majani ya malenge yanakushika mguu.

Na hapo ndipo udhaifu wa Mama ulipoonekana. Mgeni wa Mama hatoki mikono mitupu. Awe pasta, fundi wa umeme au mtu aliyepotea akiuliza njia, anaondoka na mboga. Zamani alifunga kwenye mifuko ya plastiki. Ilipopigwa marufuku, akaanza kutoa kwa chochote kilicho karibu: ndoo ya rangi iliyooshwa, kiondo, mkebe wa mafuta ya kupikia, sufuria isiyo na mkono. Kila chombo alikichora M chini kwa rangi ya kucha. Chebet naye kila akija alipewa kiondo, na mimi nilimvunjia vichipukizi vya sukuma nikaviweka juu, kwa sababu aliviomba mwenyewe.

Baridi ya Julai ilipotulia, nikaanza kuona wageni wamezidi. Alikuja mwenye duka la vipuri. Wakaja makondakta wawili. Wakaja wanawake wa kanisa la Gachanja, kikundi kizima, wakaimba wimbo mlangoni. Mama akafurahi, akanituma: "Barasa, wavunie." Nikavuna huku moyo unavuja. Baadaye akaja bwana mmoja na pikapu mpya, namba bado inang'aa, akasema kwa heshima zote, "Mathe, nimenunua gari kwa Gachanja. Ametuambia kila anayenunua apitie kwa mama yake abarikiwe."

Nilisimama na kisu mkononi. Kumbe kijana alikuwa anatumaliza kwa wageni. Anamjua mama yake. Anajua hawezi kumwacha mtu aondoke bila mboga.

Nilimfuata Mama jikoni. "Mama, huyu mtoto anakuchezea. Anawatuma."

"Najua," alisema akitafuta ndoo.

"Basi acha kuwapa."

Aliniangalia kana kwamba nimemwambia atembee bila nguo mjini. "Barasa, nipoteze shamba, sawa. Lakini nimwambie mgeni aende bure? Hapana. Hilo hata Gachanja hawezi kunifanyisha." Akampa mwenye pikapu ndoo ya spinachi, akamwekea mkono kichwani, akaibariki na pikapu yenyewe.

Nilikasirika siku kadhaa. Nilichimba kwa hasira, na nitakiri kwamba udongo uliochimbwa kwa hasira unalainika vizuri. Nilitandaza nyasi kavu juu ya kila tuta, nikamwagilia kwa maji ya kuoshea vyombo, nikapanda tena mvua fupi ilipokuja. Magari nayo yakauzika. Sijawahi kuona mtu akiombea biashara ya tajiri idorore kama nilivyoomba mwezi ule wa Desemba.

Januari vumbi likaingia. Maji ya bomba yakawa ya kuja na kuondoka. Sukuma zikabaki miti mirefu yenye kishungi kidogo juu. Tumbili walikuja, wakaangalia, wakaondoka bila kugusa kitu, na hiyo ndiyo aibu kubwa niliyoipata kazini. Kilichobaki ni thabai kando ya tangi, mahali linapovuja. Tukala thabai na viazi, thabai na mahindi, thabai na thabai. Mama alikuwa anaimeza huku akiniambia, "Na ulikuwa umeing'oa yote, wewe." Vyombo navyo vilikuwa vimeisha nyumbani; alikuwa anapima unga kwa kikombe cha chai.

Siku moja hata thabai ikaisha. Nilimkuta Mama amekaa kwenye karai letu, karai pekee lililobaki, akiangalia matuta. Hakuwa anacheka. "Barasa," alisema, "mawingu unayaona?"

"Siyaoni, Mama."

"Hata mimi." Kisha akasema polepole, "Asubuhi nitaamkia nini?"

Nilikwenda nyuma ya tangi nikalia kidogo, na siwaonei haya.

Jumapili iliyofuata Gachanja akaja na Chebet. Alikuwa na futi ya kupimia. Alitembea kwenye matuta yetu akihesabu hatua, na alipoona uso wa mama yake, nadhani alianza kujuta, lakini neno lilikuwa limeshasemwa. "Mami, leo tunakula mboga gani?" aliuliza.

Kabla Mama hajajibu, kengele ya geti ikalia. Ni yule bwana wa pikapu, pikapu sasa imeshapata vumbi lake. Ameshika ndoo yetu. "Mathe, samahani nimekaa na chombo chako," alisema. Ndoo ilikuwa imejaa kunde mpaka juu.

Hapo akili yangu ikafunguka. Huku kwetu, uwe Mkikuyu, Mluhya au Mkalenjini, hakuna mtu mwenye adabu anayerudisha chombo cha mwenzake kikiwa kitupu. Na vyombo vyote vya nyumba ile vilikuwa nje, kwa watu. Mvua ikikaribia kila mtu hupanga nyumba yake, anakuta chombo chenye M ya rangi ya kucha, anakumbuka. Tangu saa hiyo geti halikufungwa vizuri. Makondakta walileta kiondo cha managu. Wanawake wa kanisa walikuja na mkebe wa terere, sufuria isiyo na mkono ikiwa na majani mabichi ya malenge, na wimbo. Mimi nilikuwa napokea huku nacheka kwa sauti, nikikimbia kutoka geti hadi jikoni, magoti yamesahau umri wake. Mama alisimama akipiga makofi kila M ilipoonekana.

"Hizi si za shamba hili," Gachanja alisema.

"Tuliwekeana nini?" Mama akauliza.

Gachanja akamgeukia mkewe. "Shahidi, si tulisema shamba?"

Chebet aliweka kikombe chini. "Tulisema kununua," alisema. "Ameuziwa na nani hapa?" Kisha akainuka, akaenda kwenye gari, akafungua nyuma, akarudi na kiondo cha Mama. Kilikuwa kimejaa sukuma, majani mapana, ya kijani kibichi, yasiyo na tundu hata moja.

Niliyajua majani yale. Ni ya vichipukizi vyangu.

"Umetoa wapi?" Gachanja akamuuliza.

"Kwa yale magunia ya udongo nyuma ya nyumba yetu."

"Si uliniambia ni maua?"

"Uliuliza ukiwa kwa simu, nikakujibu lolote," Chebet alisema, na sasa alikuwa anacheka kwa mdomo pia. "Sukuma unayokula kwetu tangu Agosti ni ya shamba hili, Baba Kiptoo. Ukimwaga kabro hapa, kesho unakula nini?"

Gachanja alikiangalia kiondo. Akaiangalia futi mkononi, akaikunja. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha mama yake kabisa, akatafuta mahali pa kukaa na akakuta karai limeshachukuliwa, akakaa chini kwenye vumbi na suruali yake ya Jumapili. Tulikula siku hiyo mpaka tukashindwa kuinuka.

Mvua ilikuja baada ya hapo. Tangi nalo lilikuja, kubwa, na Gachanja alibeba mawe ya msingi mwenyewe ingawa hatukumwomba. Magari yake ameyapatia uwanja mwingine barabara ya Njoro. Wateja bado anawatuma kwa Mama wabarikiwe. Anasema magari yaliyobarikiwa hayarudishwi.

Niliendelea miaka kadhaa tena, mpaka magoti yakakataa matuta. Siku ya chai na keki, wageni walipoondoka, Mama alinipeleka nyuma, akanivunjia vichipukizi kwa mkono wake. Akavipanga kwenye ndoo ya rangi na kuvifunika kwa gazeti lenye maji. "Nenda upumzike, Baba Nekesa," aliniambia. Alikuwa hajawahi kuniita kwa jina la binti yangu. Nilibeba ndoo mpaka Kaptembwo nikilia na kucheka barabara nzima, watu wakinipisha.

Nimevipanda kwa magunia mbele ya mlango wangu, na pembeni nimemwaga mbegu za mrenda. Ndoo nikaiosha, nikaigeuza, nikaiona M. Nikajua huyu mama hakunistaafisha hata kidogo. Mrenda ulipokomaa nikaijaza, nikapanda boda boda, nikampelekea. Alinishukuru, akaniuliza kama nimemletea tena ile mboga ya kumkimbia mezani, na nilipoaga akanirudishia ndoo ina thabai. Wiki iliyofuata nikaipeleka na kunde. Ikarudi na karoti. Anayelima kule sasa ananiambia nikiondoka Mama huanza kuuliza ndoo itarudi lini.

Kwa hivyo msinisikilize sana nikisema nimestaafu. Leo nimevuna mrenda, ndoo imejaa, iko mlangoni. Mama amenipigia simu asubuhi kunikumbusha kwamba nina chombo chake. Yeye amezeeka, mimi pia, na naomba jambo moja tu: ndoo hiyo isikae upande mmoja kwa muda mrefu.